Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: vihesabuni vifo vinavyofuata mfupa kuvunjika, na vihesabuni kwa umri

Kwa mawaziri wa afya, wakuu wa hospitali, wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya na wote wanaoamua fedha za matibabu ziende wapi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtu ambaye kazi yake ni kuwasimamisha tena wagonjwa waliovunjika mifupa, na kwa hiyo jambo hili naliona kutoka upande wa kitanda zaidi kuliko upande wa chumba cha upasuaji. Ninalotaka kuwaeleza ni kwamba mtu aliyevunjika mfupa anaweza kufa kwa sababu hiyo, kwamba uwezekano wa kufa hubadilika mno kulingana na umri, na kwamba muda ambao hatari hiyo humkabili nao hubadilika: kwa mmoja ni saa chache, kwa mwingine ni miezi. Huduma zetu, hata hivyo, zimepangwa kana kwamba kila aliyevunjika ni kijana mwenye afya anayehitaji picha ya eksirei, plasta na tarehe ya kurudi kliniki. Matokeo yake ni kwamba wale wanaokufa zaidi ndio wanaosubirishwa zaidi.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha matukio mapya yapatayo milioni 178 ya kuvunjika mifupa duniani kote katika mwaka huo mmoja. Walio wengi mno hupona, na ndiyo maana mfupa uliovunjika hauogopwi kama saratani au kiharusi. Lakini wastani huo unawachanganya mtoto wa miaka 9 aliyevunjika mkono akicheza na bibi wa miaka 84 aliyevunjika nyonga akishuka kitandani. Mtoto atarudi kucheza baada ya wiki chache. Katika kila wanne au watano walio katika hali ya bibi huyo, mmoja hufariki kabla ya mwaka kuisha. Mpango wa huduma unaotokana na wastani wa wawili hao hauwezi kumfaa bibi.

Habari ya watoto ni fupi, nami nitaipitia haraka. Karibu theluthi moja ya watoto huvunjika mfupa kabla ya kufikia utu uzima. Mifupa yao ina utando mnene wa nje wenye damu nyingi, huunga upesi na hata kujinyoosha kadiri mtoto anavyokua. Kifo kinapotokea ni kwa sababu nguvu iliyovunja mfupa, kwa kawaida gari au kuanguka kutoka juu sana, imeumiza pia kichwa, kifua au tumbo, na hapo mfupa ni ishara tu ya ukubwa wa pigo. Daktari anayeangalia paja lililovunjika asiishie kwenye paja.

Wapo hata hivyo watoto ambao kwao maneno haya hayatoshi, nao ni wachanga ambao hawajaanza kutembea. Mtoto wa miezi minne hana namna ya kujivunja paja au mbavu. Wapo wachache waliozaliwa na mifupa dhaifu, na ni lazima ugonjwa huo uchunguzwe kabla ya mtu yeyote kulaumiwa. Lakini tangu daktari wa watoto wa Marekani, Henry Kempe, na wenzake walipochapisha makala yao ya mwaka 1962 kuhusu watoto wanaopigwa, hakuna hospitali inayoweza kudai kwamba haikujua maana nyingine ya mivunjiko hiyo. Mtoto wa namna hiyo akifungwa plasta na kurudishwa alikotoka bila swali lolote, hatari ya kifo inarudi naye nyumbani. Kinachohitajika ni utaratibu ulioandikwa wa nani aitwe na nani aulize, ili daktari wa zamu ya usiku asiachiwe uamuzi huo peke yake.

Kwa vijana na watu wazima wenye nguvu, hatari huhesabiwa kwa saa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo cha kwanza cha vifo kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29. Mfupa mmoja wa paja unaweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya msuli, bila tone kuonekana nje. Fupanyonga likifunguka, damu inayopotea inaweza kumuua mtu kabla hajafika chumba cha upasuaji. Siku moja hadi tatu baadaye huja hatari ya mafuta ya uboho kuingia kwenye mishipa na kuziba mapafu, na jeraha lililo wazi likicheleweshwa kusafishwa hukaribisha maambukizi na pepopunda.

Mambo yanayookoa hapa yanajulikana na mengi si ghali. Fupanyonga hufungwa kwa mkanda, au hata kwa shuka iliyokazwa vizuri. Paja hutiwa gango kabla mgonjwa hajasafirishwa, kama madaktari wa jeshi walivyojifunza katika Vita vya Kwanza vya Dunia pale gango la Thomas lilipopunguza sana vifo vya askari waliovunjika mapaja. Damu ya kuongezewa iwepo. Na asidi ya traneksamiki, dawa inayopunguza kuvuja kwa damu, itolewe mapema. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuwahusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kuwa faida ipo ikitolewa ndani ya saa 3 na kwamba ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Dawa hiyo ikikaa stoo ya hospitali ya rufaa wakati majeruhi yuko kituo cha kwanza, haimfai kitu. Kijana akivuka siku hizo za mwanzo na mfupa wake ukafungwa vyema, hatari ya kufa kwa kawaida humwacha. Ulemavu ni habari nyingine, nami siigusi hapa.

Kati ya ujana na uzee kuna kipindi ambacho kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko vyote, kwa sababu hata wanaovunjika hawajihisi kuwa wagonjwa. Mwanamke wa miaka 57 anateleza, anajikinga kwa mkono, kifundo kinavunjika, anafungwa plasta, na baada ya wiki 6 anarudi kazini. Mvunjiko huo wenyewe haumsogezi karibu na kifo. Lakini mfupa uliovunjika kwa mtu kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, baada ya miaka 50, ni taarifa kwamba mifupa imepungua uimara, na aliyekwisha kuvunjika mara moja yuko katika hatari takriban maradufu ya kuvunjika tena. Mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 waliovuka miaka 50 watavunjika mfupa kwa namna hiyo katika maisha yao yaliyobaki. Taarifa hiyo inafika hospitalini na kuondoka na mgonjwa, kwa sababu aliyefunga plasta hakuagizwa kuuliza kwa nini mfupa ulivunjika kirahisi hivyo.

Katika mji wa Dubbo nchini Australia, watafiti wamewafuatilia wakazi wenye umri wa miaka 60 na zaidi tangu mwaka 1989. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yanastahili kusomwa na kila anayepanga bajeti ya afya. Waliovunjika mifupa kwa kuanguka kwa kawaida walikufa zaidi kuliko wenzao wa rika na jinsia yao kwa muda wa miaka 5 hivi, na kwa waliovunjika nyonga ongezeko hilo lilionekana hadi mwaka wa 10. Mivunjiko midogo iliongeza vifo kwa wale tu waliovuka miaka 75. Aliyevunjika mara ya pili alianza upya kipindi kingine cha hatari. Na wanaume, ambao huvunjika kwa uchache kuliko wanawake, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakishavunjika.

Hapa takwimu zikisomwa haraka hupotosha, nami naomba mnivumilie kidogo. Tukihesabu vifo vyenyewe, hatari hupanda kwa umri: katika kila mia moja ya waliovunjika nyonga, walio na miaka 90 watakufa wengi kuliko walio na miaka 65. Lakini tukimlinganisha kila mmoja na wenzake wa rika lake ambao hawajavunjika, ongezeko ni kubwa zaidi kwa yule mwenye miaka 65, kwa kuwa wenzake hao bado wana miaka mingi mbele yao. Kwa hiyo kusema kwamba huyu bado ana nguvu, asubiri, ni kosa, na kusema kwamba yule ni mzee sana, angekufa tu, ni kosa pia. Nimeyasikia yote mawili wodini, wakati mwingine kutoka kinywa kimoja.

Katika uzee, nyonga ndiyo inayotawala habari yote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kuwa katika miezi 3 ya kwanza baada ya nyonga kuvunjika, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 6 kwa wanawake na karibu mara 8 kwa wanaume, ikilinganishwa na wenzao wenye umri wa miaka 50 na zaidi ambao hawakuvunjika, na kwamba hata baada ya miaka kadhaa haikurudi ilikokuwa. Sitaki kutia chumvi. Baadhi ya vifo hivyo vingetokea hata kama mfupa usingevunjika, maana anayeanguka na kuvunjika mara nyingi tayari ana moyo dhaifu, kumbukumbu inayopotea au mwili uliokwisha kwa lishe duni. Lakini udhaifu wa zamani hauelezi kwa nini vifo vinarundikana katika wiki za mwanzo. Wiki hizo ndizo ambazo mgonjwa yuko mikononi mwetu.

Mfupa wenyewe hauwaui wazee hawa. Kinachowaua ni kulala. Mzee aliyevunjika nyonga hawezi kuketi kwa sababu ya maumivu, hivyo mapafu yake hayajai na nimonia huingia. Damu ya miguuni hutulia na kuganda, kisha donge husafiri hadi kwenye mapafu. Ngozi ya matako na visigino hufa kwa mgandamizo ndani ya siku chache na kugeuka vidonda vya kulalia. Maumivu, dawa kali na mazingira mageni humvuruga akili, na akivurugika hali wala hanywi. Asipokunywa, figo hulegea. Kisha kuna desturi ya kumfungisha kula tangu usiku kwa ajili ya upasuaji ambao mchana huahirishwa, halafu kumfungisha tena kesho yake. Mzee mwenye kilo 45 hana akiba ya kulipia siku tatu za namna hiyo.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hali ya mzee hairuhusu upasuaji. Kwa baadhi ni kweli. Lakini hatari ya upasuaji ndiyo inayopimwa na kuandikwa kwenye faili, ilhali hatari ya kulala mwezi mzima na mguu ukivutwa kwa uzito haiandikwi popote, na kisichoandikwa huonekana kama hakipo. Upasuaji wa nyonga kwa mzee ni tiba ya maumivu na njia ya kumketisha kitandani siku inayofuata, kabla hata hatujazungumzia kutembea.

Kuhusu haraka ya upasuaji naomba tuwe waangalifu, kwa sababu watetezi wa jambo hili wakati mwingine huahidi kupita ushahidi. Utafiti wa HIP ATTACK, uliochapishwa mwaka 2020 na kuwashirikisha wagonjwa 2,970 katika nchi 17, uliwalinganisha waliopasuliwa takriban saa 6 baada ya kutambuliwa na waliopasuliwa takriban saa 24 baadaye. Vifo katika siku 90 havikutofautiana vya kutosha: asilimia 9 kwa waliowahi, na 10 kwa waliosubiri. Waliowahi walipata machafuko ya akili kwa uchache, walisimama mapema na kuondoka hospitalini mapema. Kwa hiyo siwaombi vyumba vya upasuaji vya kukimbizana kwa dakika. Katika utafiti huo, hata waliochelewa walipasuliwa ndani ya siku moja hivi. Mzee anayesubiri wiki mbili kwa kukosa nafasi, vifaa au malipo ya awali yuko nje kabisa ya mjadala huo, na hakuna ushahidi wowote wa kumtetea aliyemweka hapo.

Yapo mambo mengine yasiyohitaji mashine. Katika hospitali moja ya Cardiff, nchini Wales, watafiti walichukua wanawake wazee zaidi ya 300 waliovunjika nyonga na kuwapa nusu yao wasaidizi wa lishe, watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba mgonjwa anakula: kumkatia chakula, kumlisha, kuuliza anachokipenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa baada ya miezi 4 walikuwa wamekufa asilimia 13.1 ya waliosaidiwa, dhidi ya asilimia 22.9 ya waliobaki na huduma ya kawaida. Ni utafiti mmoja, wa hospitali moja, na ningependa kuuona ukirudiwa mahali pengi. Hata hivyo nashangaa kwamba tunajadili kwa miaka ununuzi wa vifaa vya mamilioni wakati sahani ya chakula inawekwa mbali na mkono wa mgonjwa na kuondolewa ikiwa imejaa.

Dawa za kuimarisha mifupa nazo zina nafasi yake. Katika utafiti wa mwaka 2007 uliowahusisha watu 2,127, waliopewa asidi ya zoledroniki kwa mshipa mara moja kwa mwaka, kuanzia ndani ya siku 90 za upasuaji wa nyonga, walivunjika tena kwa asilimia 8.6 dhidi ya 13.9 ya wenzao, na vifo vilikuwa asilimia 9.6 dhidi ya 13.3. Tafiti zilizojumlishwa baadaye hazikuthibitisha kuwa dawa za kundi hili hupunguza vifo kwa jumla, hivyo sitazinadi kwa sababu hiyo. Kuzuia mvunjiko wa pili kunatosha kuwa sababu.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni hesabu. Mzee anavunjika nyonga, analazwa, anapata nimonia siku ya 12, anafariki siku ya 16. Cheti cha kifo kinasema nimonia. Mwingine anarudishwa nyumbani bila upasuaji na kufariki mwezi wa tatu kwa kidonda cha kulalia kilichoingia damuni. Hospitali haina habari naye kabisa, na kwenye vitabu vyake ameandikwa kuwa aliruhusiwa akiwa hai. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za kuandika vyanzo vya vifo ziko wazi kwamba chanzo cha msingi ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha mlolongo ulioishia kwenye kifo. Kwa kanuni hiyo wote wawili waliuawa na kuanguka. Shirika hilo linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 60, na mtu yeyote aliyewahi kuona jinsi vyeti vinavyojazwa atakubali kwamba idadi hiyo haiwezi kuwa imezidishwa.

Hesabu pia hubadilisha tabia. Sweden ilianza rejista ya waliovunjika nyonga mwaka 1988. Uingereza ilianza ya kwake mwaka 2007, na kuanzia mwaka 2010 hospitali za England zikalipwa nyongeza kwa kila mgonjwa aliyepasuliwa ndani ya saa 36 na kuhudumiwa kwa pamoja na bingwa wa mifupa na bingwa wa magonjwa ya wazee. Katika hospitali zilizoshiriki, vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 mwaka 2007 hadi 8.5 mwaka 2011. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katika miaka hiyo minne. Hospitali zilianza kuona namba zake zikiwa kando ya namba za jirani.

Najua mtakalosema kuhusu fedha. Mabingwa wa wazee ni wachache, bandia za nyonga zina bei, na wodi zimejaa. Lakini mzee anayelala wiki sita akivutwa mguu tayari anatumia kitanda, wauguzi na dawa za vidonda, na mara nyingi binti au mkwe ameacha kazi ili amwangalie. Gharama hiyo ipo, ila imehamishiwa kwa familia ambako bajeti yenu haiioni. Mahali pasipo na bingwa wa wazee, daktari wa magonjwa ya ndani anaweza kupewa jukumu la kuwapitia wagonjwa hawa kila asubuhi pamoja na timu ya mifupa. Ganzi ya kuzuia mishipa ya fahamu ya nyonga, inayopunguza maumivu bila kumlevya mgonjwa, inaweza kufundishwa kwa wataalamu wa usingizi waliopo. Na malipo ya awali yasiwe sharti la mzee kuingia chumba cha upasuaji, kama ambavyo hayapaswi kuwa sharti kwa kijana anayevuja damu.

Kwa hiyo naomba agizo, lenye tarehe, kwamba kila hospitali inayopokea majeruhi iandike umri, jinsia, mfupa uliovunjika, saa ya kufika na saa ya upasuaji, na kwamba imtafute kila mgonjwa kwa simu au kupitia kituo cha afya kilicho karibu naye siku ya 30, siku ya 120 na baada ya mwaka mmoja, kuuliza mambo matatu: yuko hai, anatembea, amevunjika tena? Majibu yachapishwe kwa makundi ya umri, kwa jina la hospitali, kila mwaka. Mkiona kwamba kuanza na mifupa yote ni mzigo mkubwa, anzeni na nyonga kwa waliovuka miaka 60, maana ndiko vifo vilipo, na simu za siku ya 30 zinaweza kuanza kupigwa mwezi ujao kwa orodha ya wagonjwa waliolazwa mwezi huu.

Kwa heshima,

Mtaalamu wa fiziotherapia, wodi ya mifupa